Funda la Maji Nandagala

Kikundi chetu cha ngoma kina desturi nyuma ya pazia. Anayemfunga mchezaji ngongoti, ile miti mirefu ya miguuni, hukaa na funda la maji mdomoni mpaka fundo la mwisho. Wazee wa kwetu Mkotokuyana walisema mizimu haitaki kelele pale. Mimi naona mwenye maji mdomoni hapigi soga, macho yanabaki kwenye kamba. Maana kutoka kule juu mtu hadondoki kidogo.

Siku chache baada ya Idi tuliitwa harusini Nandagala. Mjukuu wangu Halfani alikaa juu ya bodi ya lori, miguu inaning'inia, mkewe Mwamina akishika kamba. Nikampa Mwamina kikombe cha maji. Akatikisa kichwa.

"Bibi, nina saumu, zile sita za Shawali. Yakinipita kooni je?"

"Basi ashike mwingine."

"Mwingine hamjui huyu. Goti lake la kushoto nalijua mimi."

Halfani akacheka kule juu. "Mwache, mke wangu," akaniambia mimi, kwa utani wetu. "Hata mizimu leo ina saumu."

Akaja Fauzia, mwimbaji wetu, na maneno yake. "Wifi, mkaze huyo. Bibi harusi ni mzuri, atakimbia naye."

"Amkimbize," Mwamina akajibu, mikono ikiendelea. "Magharibi atarudi. Futari yake iko kwangu."

Tukacheka sote. Katika kucheka huko kamba ya kushoto ilizungushwa gotini, ikakazwa, ila haikupitishwa chini ya kisigino. Tukamvisha suruali ndefu ya kitenge, ikafunika kila kitu.

Alicheza vizuri. Alipogeuka mara ya pili, mti wa kushoto ulichomoka kama jembe kwenye mpini. Aliangukia mgongo, kwenye ngazi ya saruji.

Hospitali walisema uti wa mgongo umekatika, miguu haitarudi. Mwamina anamwogesha, anambadilisha nguo. Kulia aliacha zamani.

Juzi Mzee Mahamudu, kiongozi wa kikundi, alikuja kutujulia hali.

"Tumekaa kikao," akasema. "Kuanzia sasa mwenye saumu hashiki kamba."

"Mmefanya vizuri," nikasema.

Halfani alimwomba mkewe amgeuze aelekee ukutani. Mwenyewe hawezi. Mwamina akamgeuza, mabega kwanza, kisha mguu mmoja, kisha mwingine.