Kikombe Bila Hotuba

Mzee Rahamim Laniado, mwalimu mstaafu wa jiografia wa mtaa wa Nahlaot, Yerusalemu, alikuwa na kikombe cha kale cha fedha tupu, urithi wa wazee wake wa Aleppo, kilichochongwa mizabibu mpaka ukingoni. Kila harusi ya mtaani, divai ya zile baraka saba za ndoa ya Kiyahudi ilimiminwa humo. Ila kabla ya divai lazima kwanza hotuba ya mwenye kikombe.

Hotuba yenyewe ilianza na maneno mawili matatu: babu wa babu yake alikitorosha kikombe ndani ya mkate. Miaka ilivyokwenda, mkate ukapata punda, punda akapata wanyang'anyi, wanyang'anyi wakapata bunduki. Rabi alikuwa akitazama dari, maharusi wakihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, na Rahamim, akiona wageni wanafuta machozi, aliamini historia imewachoma. Kumbe ilikuwa miayo.

Basi akaja jirani yake, Tikva Harari, aliyekuwa akimwoza bintiye siku ya Jumanne.

"Baba Rahamim, nimekuja kuomba kikombe."

"Chako hicho, mwanangu. Nianze kuhutubia saa ngapi?"

Tikva akaangalia viatu vyake. "Baba, usinielewe vibaya. Kikombe tunakitaka. Wewe pia tunakutaka. Hotuba ndiyo... tuipumzishe."

"Muipumzishe! Na nani atawaeleza watu?"

"Mtaa mzima tunaijua, baba. Hata paka wa sokoni wanaijua."

Jikoni, mkewe Bahiya akapaliwa na kahawa kwa kucheka.

Rahamim alimpa kikombe, akatangaza kwamba yeye haendi. Jumanne ilipofika, Bahiya akavaa, akajipulizia manukato.

"Kweli unabaki?"

"Nabaki. Wataliona pengo langu."

"Wataila sahani yako," akasema Bahiya, akaenda zake.

Rahamim akaketi sebuleni amevaa suti, maana hata kususa alitaka kususa kwa heshima. Akawaza: sasa hivi rabi amekataa kuanza. Sasa hivi wanatuma watu waje kunibembeleza. Akaweka tai sawa, asikutwe ovyo. Hakuna aliyebisha hodi. Mwishowe likamjia wazo kwamba huenda wakakisugua kikombe kwa waya wa kusugulia sufuria, kikakwaruzika. Kisingizio hicho kikamtosha. Akatoka mbio.

Alipofika mlangoni mwa ukumbi, divai ilikwisha kumiminwa. Baraka saba zikaimbwa, bibi harusi akanywa huku anacheka, bwana harusi akavunja bilauri kwa kisigino kama ilivyo desturi, watu wakalipuka kwa vigelegele. Yote hayo kwa muda ambao yeye angekuwa bado anampandisha punda mlima wa kwanza. Na kikombe kiling'aa vilevile, hakikuonyesha hata kidogo kumkumbuka mwenyewe.

Ilimuuma. Kisha, bila kutazamia, kicheko kikamtoka. "Kumbe miaka yote nilikuwa mfuko wa kubebea kikombe," akajiambia, "tena mfuko wenye kelele!" Akacheka peke yake pale mlangoni mpaka mhudumu mmoja akamletea maji.

Tikva alimwona, akaja akamkamata mkono, akamwingiza kwenye duara la wachezaji. Rahamim akacheza mpaka shati likachomoka. Akala, akacheza tena, akarudi nyumbani ameegemea bega la Bahiya, kikombe wamekisahau.

Asubuhi Tikva akakileta, pamoja na sinia la keki za lozi.

"Baba, wewe wa kukisahau hiki?"

"Hata mimi najishangaa."

Tikva akaona haya kidogo kwa yale aliyosema siku ile, akataka kumfurahisha mzee. "Wakwe zetu wapya wamekisifu sana. Wakauliza, hivi kikombe hiki kimetoka wapi?"

Bahiya akaganda na birika mkononi. Rahamim akavuta pumzi, kifua kikajaa, kidole kikapanda juu.

"Kimetoka ukumbini kwenu," akasema. "Si umekileta sasa hivi?"

Halafu akajitia keki mbili kinywani kwa mpigo mmoja, kwa usalama wa wote.