Bibi Maksun na Maji ya Bure

Mke wa mwanawe alimpa Bibi Maksun masharti ya kwenda sokoni kana kwamba anampeleka vitani. Asimpe mtoto tambi za aina yoyote ile. Asimruhusu kuonja kitu cha mtu. Na ule mkoba wa bluu usimtoke begani hata dunia ipinduke. Bibi Maksun alisikiliza kichwa chini, yeye mwenye miaka sabini na ushei, akiitikia ndiyo, ndiyo, maana aliyeharibu hana kauli.

Na kweli aliharibu. Mwaka uliopita alimletea mjukuu wake Boram mto wa kulalia kutoka kwao Bongpyeong, Korea, mto uliojazwa makapi ya memil, ile nafaka nyeusi ya pembe tatu inayosagwa kutengenezea tambi za baridi. Kwao kila mtoto hulalia mto wa namna hiyo ili kichwa kipoe. Boram aliulalia mara moja tu, akaamka macho yamefumba kwa uvimbe na kifua kinapiga mluzi. Daktari akasema mwili wa mtoto huyu hauitaki memil kabisa, na kwamba mara ya pili inaweza kuwa ya mwisho. Tangu siku hiyo Migyong, mama yake Boram, hakumwachia bibi mtoto peke yake, hata kwa muda wa kwenda kutupa taka. Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Sasa tajiri mmoja, Bwana Chu, akafungua duka lake hapa mtaani Bom Retiro, soko kubwa chini na ukumbi wa vyakula juu, na Wakorea wa São Paulo wote wakawa hawana neno lingine mdomoni. Boram alilia siku nzima akitaka kukiona kichwa cha nguruwe cha ufunguzi. Baba yake, Taesop, alikuwa amepeleka mzigo wa nguo mtaa wa Brás, na Migyong dukani kwake amezungukwa na wanunuzi kutoka bara. Ndipo akasema, kwa shingo upande, "Haya, Mama. Nenda naye."

Bibi Maksun alifurahi, asifurahi vipi? Lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko furaha. Alijua kwamba akikosea leo hatapewa mtoto tena mpaka anaingia kaburini, na hilo ndilo lililokuwa dogo. Ndani ya mkoba wa bluu mlikuwa na sindano mbili zenye umbo la kalamu, za kumchoma mtoto pajani mwili ukivimba na pumzi ikiziba, zilizoagizwa ng'ambo kwa taabu. Migyong alikuwa amemfundisha kuzitumia jikoni, kwa kalamu ya mazoezi, juu ya figili nene za kimchi, ile achari ya Kikorea, jioni baada ya jioni, mpaka bibi akawa haoni figili bila kuitafutia paja.

Mlangoni tu, balaa la kwanza. Mlinzi, pande la mtu jina lake Valdir, alimwonyesha ukuta wa makabati na kumwambia mikoba haingii ndani. Bibi Maksun akajaribu kueleza kwamba huu si mkoba, hii ni dawa. Lakini Kireno chake, pamoja na kuishi Brazili miaka yote hiyo, kilikuwa bado cha kununulia vitunguu. Mlinzi akatabasamu na kurudia yale yale. Nyuma watu wanasukuma, wanaguna, mmoja anauliza bibi huyu kalala au vipi. Bibi Chorye, mwenzake wa kwaya ya kanisani aliyekuwa nyuma yake, akamwambia auweke tu, nani ataiba vitambaa vya kikongwe. Basi aibu ikamshinda, jamani. Aibu imeua watu wengi kuliko ugonjwa. Akaufungia mkoba kabatini, na miwani yake humo humo, akautundika ufunguo shingoni kwa uzi na kuushika kama watu wanavyoshika msalaba.

Ndani alimshika Boram mkono mpaka mtoto akalalamika kwamba vidole vinauma. Kichwa cha nguruwe kilikuwa katikati ya meza, kimechemshwa kikang'aa, kinacheka, na wazee wanakisujudia kwa zamu wakikichomeka noti za reali mdomoni ili biashara inyooke. Boram alicheka mpaka akakaa chini. Bibi yake hakuona la kucheka. Aliona wale mama wa kuonjesha, waliosimama kila kona na vikaango vyao vya umeme, wanamkatia kila apitaye kipande, wanakichoma kwa kijiti na kukipeleka moja kwa moja mdomoni. Na kwa Wakorea ukikataa tonge la mama mtu mzima aliyekunyooshea mkono, umemtemea usoni. Bibi Maksun alimfunika mjukuu mdomo kwa kiganja na kupita. Mmoja akasema kwa sauti kwamba wengine wamepata hela wakasahau walikotoka.

Bibi Chorye alikuwa akiwafuata huku anatafuna, kapokea kila kijiti.

"Wewe nawe, Maksun. Sisi tumekua kwa memil, nani alikufa?"

"Waliokufa hatukuwauliza walikula nini," akajibu Bibi Maksun, akamvuta mjukuu kwenye ngazi za umeme.

Ukumbini juu, moshi wa samaki wa kuchoma, mafuta ya kukaangia na kitunguu saumu vilikuwa vimechanganyika mpaka pua haijui ishike lipi. Bibi Maksun alichagua kibanda cha supu ya mifupa ya ng'ombe, kwa kuwa haikuwa na tambi hata moja. Na bado akamuuliza mpishi kama sufuria hii imewahi kupikiwa tambi, na upawa je, na bakuli zinaoshwa wapi. Mpishi akamuuliza kama katumwa na serikali. Bibi akasimama pale pale mpaka alipojibiwa, kisha akaomba bakuli ioshwe tena mbele ya macho yake. Hebu niambieni, ni nani angeweza kufanya zaidi ya hapo?

Wakakaa wote watatu. Boram akala wali na supu kwa raha, miguu inaning'inia. Akasema ana kiu. Ukutani kulikuwa na pipa la chuma lenye mabomba mawili, moja la baridi na moja la moto, na vikombe vya chuma vimepangwa juu. Maji ya bure. Yalitoka rangi ya kahawia hafifu, kama yanavyotoka katika kila nyumba ya Kikorea, kwa sababu watu hawa hawanywi maji meupe. Huyachemsha na shayiri iliyokaangwa, wakayaita maji, na mtoto huyanywa kabla hajaota meno. Hakuna anayeuliza maji yametokana na nini. Bibi Maksun akakinga kikombe kwenye bomba la baridi, kikafanya umande kwa nje, akampa mjukuu. Boram akanywa chote na kuomba kingine. Yeye mwenyewe hakunywa, kwa kuwa alifundishwa tangu utotoni kutokunywa katikati ya chakula.

Mtoto akaanza kujikuna shingo.

Bibi Maksun aliona. Akajiambia ni joto. Boram akakohoa, akajiambia ni pilipili, ingawa pilipili hakuweka. Kisha mtoto akasema, "Bibi, ulimi wangu umekuwa mkubwa," na alipoinua uso midomo ilikuwa imevimba, na mapele mekundu yanapanda shavuni huku bibi anayatazama.

Mkono ukaenda begani kwenye mkoba, ukakuta bega tupu.

Alimwambia Bibi Chorye amlaze mtoto chini, amwite Migyong kwa simu, aite gari la wagonjwa, asimpe kitu. Kisha akakimbia. Magoti yake hayakuwa yamekimbia tangu Taesop alipokuwa mdogo. Ngazi za umeme zilikuwa zinapanda tu, zimejaa watu na mikokoteni, naye akateremka kwenye hizo hizo zinazopanda, anasukuma, anakanyaga, anaomba radhi kwa Kikorea, na ngazi zinamrudisha juu. Kichwani mlikuwa na sauti moja tu, ile ya kifua cha Boram kikipiga mluzi. Akawaza, nimemuua. Safari hii nimemuua kweli.

Kabatini ufunguo ukagoma. Bila miwani hakuliona tundu vizuri. Hapo akasahau Kireno chote, hata kile cha vitunguu. Akamshika Valdir kola, akajipiga paja kwa ngumi, akaonyesha juu, akatoa sauti ya mtu anayekosa pumzi. Lile pande la mtu likamtazama usoni, akachukua ufunguo, akafungua, akamnyanyua bibi pamoja na mkoba wake kama gunia la mchele na kupanda naye ngazi akipiga kelele watu wapishe.

Boram alikuwa chini, midomo imeanza kugeuka rangi, macho yanatafuta. Bibi Chorye amempakata kichwa, analia na kuomba kwa pamoja. Bibi Maksun akavuta kizibo, akaikandamiza ile kalamu pajani juu ya suruali, ikalia kwa ndani, akaishikilia kama alivyoishikilia kwenye figili. Figili haikumtazama. Mtoto alimtazama, na bibi hakuondoa mkono.

Wakangoja. Sijui kama kuna kungoja kubaya kuliko huko. Kisha Boram akatapika, akavuta pumzi ndefu yenye mikwaruzo, na nyingine, akaanza kulia. Kilio kile bibi alikipokea kama mvua.

Migyong akafika na futi ya kupimia nguo bado shingoni. Alipiga magoti, akamshika mwanawe uso, akasikiliza kifua, akaitazama kalamu iliyotumika. Alipogeuka, uso wake ulikuwa mweupe.

"Umempa nini, Mama?"

"Wali na supu. Haki ya Mungu hakuna kingine."

"Usiniapie. Hata kuhusu ule mto uliniapia kwamba ni dawa."

Bibi Maksun alirudia moyoni kila kitu kilichopita mdomoni mwa mtoto, wali, supu, chumvi, wali, na hakupata kosa. Hilo lilimtisha kuliko kosa lenyewe, maana kama hukujua umekosea wapi, kesho utamlindaje? Labda bibi huyu ni mkosi tu, akawaza. Labda kila anachokishika kinamdhuru mtoto huyu.

Boram alikuwa anatetemeka, mdomo mchungu kwa matapishi, anaomba maji. Sindano ya pili ilikuwa bado mkobani na gari la wagonjwa lilikuwa bado njiani. Mtoto mgonjwa hapewi cha baridi, kila mama wa Kikorea anajua hivyo. Migyong akainuka, akachukua kikombe cha chuma, akakinga kwenye bomba la moto, akarudi akipuliza ili kisimwunguze mwanawe. Akakiinamisha mdomoni mwa mtoto.

Mvuke ukampitia Bibi Maksun puani, pale alipokuwa ameketi sakafuni.

Ilikuwa harufu ya jiko la mama yake. Ilikuwa Bongpyeong wakati wa baridi, chungu kikavu motoni, mama anakoroga kwa fagio dogo na punje nyeusi zinaruka, zinapasuka, nyumba nzima inanukia. Alipenda harufu ile maisha yake yote. Sasa ilimtia hofu ambayo hakuwa ameijua hata kwenye ngazi.

Akaupiga mkono wa mke wa mwanawe kwa nguvu zote alizobakiza. Kikombe kikaruka, maji yakamwagikia Migyong kifuani, watu wakapiga yowe. Kumpiga mtu anayemnywesha mtoto mgonjwa! Bibi Chorye akashika mdomo, akidhani shoga yake amerukwa na akili.

"Ni memil," Bibi Maksun akasema. "Si shayiri. Ni memil."

Migyong akavuta blauzi yake iliyolowa, akainusa. Akalitazama lile pipa, na watu waliojipanga wanakinga bila kuuliza, kama alivyokinga yeye. Bwana Chu, kwa ukarimu wa ufunguzi, alikuwa ameondoa shayiri ya kawaida na kuweka memil, kwa kuwa ni ya bei zaidi. Kibandiko cha kusema hivyo kilikuwapo. Utepe wa shada la maua ya pongezi ulikuwa umekiangukia.

Migyong hakusema samahani, wala mkwewe hakuingoja. Alikaa tu sakafuni, akamkumbatia mtoto. Hofu ile ilimpoza mpaka mifupa, kwa kuwa alijua tone la maji yale lilikuwa limebaki wapi. Lilikuwa kwenye mdomo wa mtoto, halijaingia. Bibi Maksun akauvuta upindo mkavu wa blauzi yake mwenyewe na kuufuta mdomo ule, taratibu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Hospitalini walimlaza Boram chini ya uangalizi. Uvimbe ulipungua, pumzi ikanyooka, naye akaanza kuuliza habari za nguruwe. Wanawake wawili walikaa pande mbili za kitanda, na bibi akawa anayatazama magoti yake, akisubiri kuambiwa aende nyumbani. Aliamini kabisa kwamba ataambiwa. Mkoba wa bluu ulikuwa mapajani mwake na hakuthubutu kuushika wala kuuweka chini.

Muuguzi akaingia na kikombe cha plastiki, akasema mtoto sasa anaweza kunywa kidogo. Yalikuwa maji meupe, yanayoonekana mpaka chini. Migyong akakipokea, akakiangalia kwa muda. Hakumpa mtoto. Alikipitisha juu ya kitanda, akakisogeza mpaka puani kwa bibi.

"Mama," akasema. "Nusa kwanza."