Zahanati Iliyokamilika kwenye Taarifa

Siku ya baraza la madiwani, Osward Halinga aliamka na neno moja tu kooni, nalo lilikuwa bati. Hakunywa hata chai. Alivaa suti yake ya kanisani, akalikunja joho la udiwani akalitia kwenye mfuko, akapita kwanza kuliangalia boma la zahanati.

Lilikuwa boma la vyumba sita, limefika linta, usawa wa juu ya milango, halina paa. Watu wa kata ya Nsenya walilijenga wenyewe, msaragambo wa kila Jumamosi kwa miaka miwili. Wanaume walifyatua matofali na kuyachoma, wanawake walisomba maji kutoka mtoni, na kila kaya ilileta tofali mia mbili. Makubaliano yalikuwa yale yanayojulikana kila mahali: wananchi wafikishe linta, halmashauri ipaue. Saruji iliishia madirishani, hivyo kwenda juu wakajengea udongo, wakijipa moyo kwamba paa litakuja kufunika. Sasa Oktoba ilikuwa ukingoni. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima vya Ileje, na mkulima hahitaji kuambiwa mawingu yale yanataka nini. Ukuta wa udongo usio na paa haumalizi msimu.

Alimkuta mama Ketrina akifagia ndani ya boma, chini ya anga tupu. Mama huyu alikuwa mkubwa kwake kwa miaka ishirini. Mkaza mwanawe alijifungulia kati ya malori mawili mwezi wa tano, kwenye foleni ya kwenda mpakani Tunduma, bodaboda imekwama mbele na nyuma. Dereva mmoja Mzambia alishika kitenge kiwe pazia. Mtoto hakulia.

"Mama, unafagia nini humu?" Osward aliuliza.

"Nafagia zahanati. Si wewe ulisema wiki hii wanasoma orodha ya mabati?"

"Wanasoma leo."

"Basi nenda, mwanangu. Usije ukachelewa kwa kunitazama mimi."

Osward alikwenda. Lakini kulikuwa na jambo ambalo mama Ketrina hakulijua.

Mwezi wa saba ulitangazwa ugeni mkubwa wa kukagua miradi. Mwenyekiti wa halmashauri ya mji wa Isembe, mzee Joshua Mwazembe, aliwaita madiwani mmoja mmoja. Kwa Osward alisema hivi: "Kata ya jirani wamemaliza yao. Wewe utaonyesha wageni magofu? Andika imekamilika. Mabati nitayaleta kabla hawajafika, wakifika watakuta paa." Osward aliona aibu ya magofu, akaona na fahari ya paa, akasaini. Wageni walikwama kwenye foleni ya malori, wakageuzia njiani wakarudi Vwawa. Kwa kuwa hawakufika, mabati nayo hayakufika. Lakini taarifa ilifika. Ilipita kwenye kamati, ikapita kwenye baraza la mwezi wa nane, na aliyenyoosha mkono kutoa hoja ipitishwe alikuwa Osward mwenyewe. Tangu siku hiyo zahanati ya Nsenya ilikuwa imekamilika. Na jengo lililokamilika halipauliwi.

Ukumbini madiwani walikuwa wamevaa majoho, wanatoka jasho kama watu wanaosubiri kubatizwa. Mambo ya kila siku yalianza. Diwani wa sokoni alisimama kulalamikia madereva wanaojisaidia nyuma ya vibanda vya nyanya.

"Choo cha soko kipo," Mwenyekiti alimjibu.

"Kipo, Mheshimiwa, ila kina kufuli, na mwenye ufunguo alihamia Mkwajuni kuchimba dhahabu."

"Labda alidhani ufunguo ni wa huko," alisema Fortunata Siame, diwani wa viti maalumu, na watu wakacheka. Fortunata alikuwa na ulimi mwepesi, na ukumbini pale ndiye mtu pekee Osward aliyemwita rafiki.

Wakazungumzia taka. Wakazungumzia mbwa. Jambo la mbwa lilikula nusu saa, kwa sababu kila kata ilidai mbwa wale si wake, wanatoka kata nyingine. Osward alikaa akisikiliza. Ndipo ofisa mipango akasoma orodha ya maboma saba yatakayoezekwa mwaka huu. Shule ya Isembe Juu, vyumba viwili. Nyumba ya mganga, kata ya mashariki. Akaendelea hivyo hadi la saba. Nsenya haikuwemo.

Osward alisimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, zahanati ya Nsenya haijakamilika."

Mzee Joshua alimtazama juu ya miwani. "Mheshimiwa Halinga, baraza hili lilishapokea taarifa yako."

"Taarifa ile ni ya uongo. Niliisaini mimi."

Mtu mmoja nyuma alikohoa, akajizuia asikohoe tena.

"Hakuna paa pale," Osward aliendelea. "Hakuna mlango, hakuna dirisha. Kuna kuta, na nusu ya kuta ni udongo. Zikinyeshewa zimekwisha. Mniadhibu mimi, nifukuzeni hata leo, lakini liwekeni boma lile kwenye orodha."

Hakumtaja Mwenyekiti. Alikuwa amepanga kumtaja, maneno yakamkatikia, na baadaye alijiuliza mara nyingi kama angemtaja ingekuwaje. Pengine ingekuwa vilevile.

Mzee Joshua hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha Osward. Alifungua kitabu cha kanuni, akageuza kurasa polepole kama mchungaji anayetafuta somo.

"Uamuzi uliopitishwa haufunguliwi mpaka mtoa hoja aungwe mkono. Anayemuunga mkono Mheshimiwa Halinga, kwamba tuirudie ile taarifa yote ya miradi iliyokamilika, mradi kwa mradi, kata kwa kata, asimame."

Aliyatamka yale maneno ya mwisho taratibu, moja baada ya jingine, kila mtu apate lake.

Osward aliwatazama wenzake. Diwani wa sokoni alikuwa anachunguza kucha zake. Wa Isembe Juu alikuwa ameinamia simu iliyozimwa. Hapo akaelewa. Ile ahadi ya mabati hakupewa peke yake. Mle ukumbini kila mtu alikuwa na jengo lake linaloishi kwenye taarifa: huyu kisima, yule daraja la miguu, mwingine madarasa. Alimtazama Fortunata. Fortunata alikuwa akikunja pindo la joho lake na kulikunjua, kisha kulikunja tena.

"Hakuna," Mwenyekiti alisema. "Tuendelee. Vituo vya bodaboda."

Walipotoka, Fortunata alimkuta kwenye ngazi.

"Kaka Osward."

"Niache, dada."

"Nina vyoo vya wasichana shule ya msingi. Matundu kumi na mawili. Yamekamilika tangu mwaka juzi. Hata shimo halijachimbwa. Ningesimama leo, mtendaji wangu angefukuzwa kesho, naye ana watoto watano."

"Na wasichana je?"

"Wanakwenda kwenye mahindi," alisema Fortunata, safari hii bila mzaha. "Mahindi yakivunwa wanakaa nyumbani."

Osward angepata wapi uso wa kumlaumu, naye alifanya hivyohivyo na akanyoosha mkono juu?

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya msaragambo. Watu walikuja na majembe na ndoo kama kawaida, wakidhani wanakwenda kuandaa njia ya gari la mabati. Osward alipanda juu ya rundo la mchanga akawaambia yote, tangu ugeni hadi orodha, na safari hii hakumwacha Mwenyekiti nje. Aliwaambia pia kwamba baraza lijalo ni baada ya miezi mitatu, na kwamba atarudi kusema tena.

Alitegemea matusi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa mawe. Badala yake kijana mmoja akauliza, "Hiyo miezi mitatu mvua itakuwa inasubiri?"

"Haisubiri," alijibu mama Ketrina kwa niaba yake. Aliweka ndoo chini, akaenda kwenye ukuta wa chumba ambacho kingekuwa cha kujifungulia, akaegemeza ngazi. "Tofali la kuchoma likitolewa mapema ni tofali. Likianguka na ukuta mvuani likavunjika ni kifusi. Mimi nina jiko linalovuja ukutani. Wengine mna mabanda ya nguruwe. Tubomoe kwa adabu."

"Mama, subirini," Osward alisema. "Nipeni mpaka baraza lijalo."

"Osward mwanangu, hatukugombezi. Shuka kwenye mchanga huo, huo nao una wenyewe."

Wakabomoa kama walivyojenga, kwa mstari, tofali likipita mkono hadi mkono, bila wimbo. Udongo ulikuwa mkavu, uliachia bila shida. Kufikia saa tisa sehemu ya juu yote ilikuwa chini, zimebaki kuta za kufika kifuani, zenye saruji, ambazo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuzigusa.

Kando ya njia kulikuwa na tofali zilizopangwa vizuri peke yake.

"Hizo zako," mama Ketrina alimwambia. "Kaya yako nayo ilichanga."

"Ziacheni hapahapa."

"Zikae zikifanya nini?"

Hakuwa na toroli. Alivua koti, akazibeba nne nne begani, kwenda na kurudi, njia nzima ya kata yake. Hakuna aliyemzomea. Kila aliyepishana naye alimpisha kwenye ukingo wa njia na kumwambia pole, kwa ile sauti ya chini inayotumika msibani. Naye kila mara alijibu kama mfiwa anavyojibu, kwamba ameshapoa.