Minara Mitatu na Mkunga wa Mpakani

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Asubuhi hiyo Mhandisi alikuwa nao watatu chumba kimoja, kila meneja na mnara wake wa simu. Aliwaeleza kwa mara ya tatu: minara yote ikipayuka pamoja, aliye katikati hasikii hata mmoja. Aliye katikati alikuwa dada yake, mkunga wa zahanati ya mpakani. Wiki hiyo alipiga simu kuomba gari la wagonjwa, ikakatika, na mzazi akapelekwa hospitali kwa mkokoteni.

"Mnara mmoja upunguze nguvu, mingine ihudumie mpakani, kisha mbadilishane," alisema.

"Wangu usiuguse," alisema meneja wa mjini. "Niliukuta na nguvu zake. Watu watasemaje?"

"Watasema umekua," alisema meneja wa bondeni.

"Basi anza wewe uliyekua."

"Mimi mdogo wako, kaka. Wakubwa hutangulia."

Meneja wa mlimani alikuwa na suluhisho la haki: minara yote ipunguze kwa kiasi kilekile. Mhandisi aliwaambia kuwa wapayukaji watatu wakishusha sauti sawasawa, bado wanafunikana sauti vilevile. Walimsifu kwa mfano mzuri, wakapitisha azimio la kupunguza sawasawa.

Jioni dada alipiga. "Mdogo wangu, nasikia mmetutengene—" Kimya.

Kesho yake Mhandisi alirudi na mpango uleule. Hakubadilisha tarakimu hata moja, ila jina: mnara unaopunguza nguvu sasa uliitwa mnara kiongozi.

"Na kiongozi ni mmoja tu kwa wakati," alisema. "Mitambo haikubali wawili."

Meneja wa mjini alikohoa. "Kwa ukubwa wa eneo, naona uongozi uanzie kwangu."

"Kaka, si jana ulikataa?"

"Jana tulizungumzia kupunguza. Leo ni uongozi."

"Hata mlimani tuna watu wa kuongozwa," alisema wa tatu.

Walivutana mpaka adhuhuri. Mwishowe, kwa kuwa hakuna aliyekubali mwenzake aongoze moja kwa moja, wakaamua waongoze kwa zamu. Mhandisi aliandika zamu hizo kwenye mitambo kabla hawajamaliza kupeana mikono.

Jioni dada alipiga tena. Gari limeitwa, limefika, mzazi kajifungua mapacha salama. Kisha akaingia kwenye habari za wifi, kisha za shangazi, kisha kwa nini mdogo wake hajaenda kumsalimia mama. Mhandisi alitazama kipimo cha mawimbi kwenye kompyuta. Laini ilikuwa imara kabisa, na hakuwa na kisingizio.