Ulimi wa Wendell Staub

Washington imejaa watu wanaokula kwa kusema, lakini sijaona ulimi kama wa Wendell Staub. Kazi yake ilikuwa kuiombea miji fedha. Meya anakuja kutoka mbali na daraja lake bovu au mabomba yake yenye kutu, Wendell anamshika mkono, anampitisha ofisi za wabunge, na bajeti ya serikali kuu ikifungwa, fungu la mji limo ndani. Mimi nilimbebea mkoba na kumkumbusha sheria za ukarimu. Maana kule, msaidizi wa mbunge akila nyama kwa kijiti, amesimama, huo ni ukarimu. Akivuta kiti na kushika uma, ni rushwa. Nimewaona watu wazima wakimaliza ng'ombe kwa vijiti.

Wendell hakuwa anaomba, alikuwa anaonyesha. Akisema daraja litaanguka, unasikia vyuma vikilia. Akisema mto utaingia, watu wanainua miguu kutoka kwenye zulia. Mmoja nilimkuta akikamua soksi.

Shida ni kwamba maneno yale hayakubaki ofisini. Kwa mji mmoja wa Pennsylvania alieleza jinsi daraja litakavyopiga magoti, na juu yake gari la mkate. Fungu likapita. Lakini fedha ya serikali kuu kupita si kufika. Huzunguka meza kwa meza kama ng'ombe aliyesahau zizi. Kabla haijafika, daraja likapiga magoti, na juu yake gari la mkate. Kwa mji uliofuata alimtaja kwa jina mwalimu wa piano aliyeishi chini ya bwawa. Maji yakamchukua, na piano yake.

Wendell alipokea habari akifuta miwani. "Kazi yangu ni kupitisha," alisema. "Kufikisha kuna wenyewe."

Na miji iliendelea kuja, kwa sababu fungu lilipita kila mara.

Ndipo akaja Denise Vukovich, meya wa Tarrow, mji wa viwanda vilivyofungwa kando ya mto Ohio. Ukuta wa kuzuia mto ulikuwa na ufa, na chini ya ufa ule aliishi shangazi yake, Ljuba.

"Nimemwambia ahamie kwangu kilimani," alituambia garini. "Ananijibu, wewe mtoto, mimi na mto tumezeeka pamoja, acha tuone nani atatangulia."

Mchana nilikula naye supu ya maharage kwenye mkahawa wa Seneti, kila mtu kwa pesa yake. Nikamweleza habari ya gari la mkate na ya piano.

"Mzee, unanitisha au unanichekesha?"

"Yote mawili, Mheshimiwa. Lakini akikuomba jina la mtu wa pale chini, usimpe la shangazi."

"Jina la nini?"

"Wote huombwa. Ukuta hauna mama, hakuna wa kuulilia. Lazima kuwe na mtu."

"Nikikataa?"

"Fungu litakwenda kwa mji wenye mtu."

Akaweka kijiko chini. Alitoka kupiga simu nyumbani, kwa baraza la mji, na aliporudi supu ilikuwa imeganda utando.

Aliyetupokea ni Paige Rennick, msaidizi wa seneta, mwanamke mwenye haraka. Wendell akaanza. Alianza na ufa mwembamba kama unywele, maji yanapiga mluzi ndani yake. Maua ya mezani yakainama upande mmoja, kama yaliyo kwenye mkondo. Chumba kikanuka tope. Nikaona ukutani mstari wa unyevu ukipanda taratibu, ukaipita soketi ya umeme.

"Nani anaishi pale?" Paige aliuliza kwa sauti ndogo. "Seneta hataki takwimu. Anataka mtu."

Wendell akamgeukia meya. "Mwambie, Mheshimiwa. Yule shangazi..."

"Staub," Denise alimkata. "Wendell Staub. Leo baraza letu limempa nyumba, ya kwanza kabisa chini ya ufa. Zawadi ya shukrani."

Nyumba za pale hazina mnunuzi. Mji unazo tele.

"Ala! Mwombaji mwenyewe ni mkazi!" Paige alishika kalamu. "Haya, Bwana Staub, ukuta ukipasuka, wewe inakuwaje?"

Naapa Wendell alijaribu kufumba mdomo. Lakini ulimi uliozoea hauambiwi basi. Akaeleza maji yatakavyomshika kwenye ukosi akiwa na nguo za kulalia, atakavyogonga dari, na atakalomeza. Alilia. Paige akalia. Fungu likapita bila mtu kupinga.

Kwenye korido Wendell alimshika Denise mkono. "Umeniua, mama."

"Ukuta ukijengwa kabla ya mto kujaa, hujafa."

"Mimi hupitisha tu!"

"Basi jifunze kufikisha, baba. Huku maofisini si ndiko kwenu?"

Akajifunza. Alilala vizingitini mwa ofisi za wahandisi. Alikwenda mwenyewe mtoni na suruali imekunjwa, kuwatafutia watu wa mazingira kombe wa mtoni, ambao lazima wahesabiwe kabla ya ujenzi. Kila alipopita aliacha nyayo zenye maji, na suti zake zilinuka mto hata zikitoka kwa dobi. Alimpigia Denise kila asubuhi: "Umefika wapi?" Naye alimjibu, "Mto au ukuta?"

Saini zinazochukua miaka alizipata kwa msimu mmoja wa baridi. Saruji ya ukuta ilikuwa haijakauka vizuri mto ulipopanda. Ulisimama kwenye ukingo wa ukuta Jumapili nzima, kama mtu anayechungulia kwa jirani.

Simu ikalia. "Ukuta umeshika," Denise alisema. "Shangazi ananiuliza kwa nini nalia."

Wendell alikaa kitako sakafuni, akakohoa, akatema changarawe. Tangu siku ile ulimi wake ukakauka. Hakuweza kupitisha hata fungu la birika la kunyweshea farasi, akafunga ofisi.

Tatizo ni kwamba mameya hukutana, na wakikutana husimuliana. Haukupita muda akanijia meya wa mji mwingine, mtu mpole, ameleta keki.

"Bwana Staub kaacha kazi," alisema, "basi utatuombea wewe. Bwawa letu lina ufa. Chini yake kuna nyumba nzuri sana, tumekutengea." Akatoa kalamu. "Mzee, jina lako kamili ni nani?"

Nikasema naenda kuchukua koti. Ndivyo nilivyostaafu. Nikahamia mbali, mahali pakavu, na mlangoni pangu sikuweka jina.

Juzi jirani yangu, Bi Opal, aliniita uani. "Kuna bwana mmoja mstaarabu alipita na keki. Alikuwa anauliza jina la mzee wa nyumba hii."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia jina. Kwani vibaya?"

Hapa mvua haijanyesha tangu Pasaka. Asubuhi ya leo nimekanyaga zulia la sebuleni, likatoa maji.