Kibao cha Kusimamia

Kitu cha kwanza Scovia alichokiona kilikuwa nati. Ilikuwa juu ya kibao, kule juu kwenye nguzo, karibu na buti la fundi Mirumbe, mahali ambapo mzee huyo huweka nati zake akiwa kazini. Ikaanza kutembea yenyewe, polepole kama mdudu, ikafika ukingoni na kudondoka kwenye miwa. Scovia aliinama, akapapasa kwenye majani makavu mpaka akaipata, akaipangusa kwa suruali yake. Tangu aanze kufanya kazi na Mirumbe, hakuwahi kuona nati ikikikimbia kibao chake.

Kibao chenyewe si kitu cha kutazamwa mara mbili. Ni bati nene lenye matundu, upana wake kama kiti cha shule, nyuma lina meno mawili ya chuma na mnyororo mfupi. Fundi hupanda nguzo ya stima kwa vyuma alivyojifunga miguuni. Akifika juu, anakivuta kibao kwa kamba, anauzungusha mnyororo kwenye nguzo, anaukaza, anapachika pete yake moja kwenye ndoano. Uzito ukikikalia, meno yanauma mti, na fundi anasimama ametulia kama mtu aliye jikoni kwake. Bila kibao atafanya kazi huku ananing'inia kwa mkanda, na magoti yatamlilia hadi asubuhi. Kampuni ilikuwa na lori lenye mkono mrefu wa kuinua watu, ila lori hilo liliishia barabarani. Ndani ya mashamba ya miwa ya Awendo, trekta zilikuwa zimezichimba njia mpaka zikawa mitaro. Huko kibao kilisafiri mgongoni mwa Scovia.

Sasa, fundi aliye juu hawezi kujua kama kibao chake kimelala sawasawa. Akiinamisha macho anaona bati tu. Anayejua ni mtu wa chini, aliyesimama mbali kidogo, anayekiona kibao kwa ubavu. Ndiyo maana fundi huuliza kabla hajakanyaga, na mtu wa chini humjibu kwa sauti ya kusikika. Hapo ndipo Scovia aliposhindwa. Sauti yake ilikuwa haivuki ukingo wa helmeti yake.

Fundi wa kwanza kupewa Scovia alikuwa Onchiri, na hakukaa naye hata siku nzima. "Nipeni mtu mwenye mdomo!" alipiga kelele kutoka juu. "Huyu hata akiumwa na siafu hatapiga nduru!"

Watu walicheka. Mirumbe, Mkuria wa Kegonga mwenye mvi na masikio makubwa, hakucheka. "Nipeni mimi," alisema. "Maneno ni mengi mno kwenye hii kazi."

Kisha akamwonyesha kamba ya vifaa, ile ambayo ncha moja hufungwa kwenye mkanda wa fundi na nyingine hukaa mikononi mwa mtu wa chini. "Kibao kikilala vizuri, vuta mara mbili. Kisipolala, usivute. Mimi nitaelewa."

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi. Wenzao wote walizungumza Kijaluo, wakimwita Scovia Nyar Macalder, msichana wa Macalder, maana alitoka kule kwenye mashimo ya dhahabu, ingawa Kijaluo hakikuwa lugha ya kwao. Aliacha shule akiwa darasa la sita, mama yake alipoanza kuugua, akaenda kuosha mchanga kwa karai pamoja na wanawake wakubwa. Mama alipofariki, hakuona cha kumrudisha nyumbani. Alikuwa na chumba cha kupanga Migori mjini, na majirani waliojua mlango wake kuliko uso wake. Alikuwa anaweza kumaliza Jumapili nzima bila kufungua kinywa ila kula.

Kila asubuhi Mirumbe alimwuliza, "Umeota nini?"

Mwanzoni Scovia alidhani ni mzaha. Baadaye akaanza kujibu. Alimwambia juu ya ng'ombe aliyevaa viatu, juu ya mto ulioingia kanisani. Mzee, ambaye kwao aliitwa Baba Robi kwa jina la binti yake, alisikiliza akifunga buti zake, akiuliza maswali kama mtu anayesikiliza kesi ya shamba. "Viatu vinne au viwili?" Wote wawili walizungumza Kiswahili cha kuokota njiani, kila mmoja akiwa ameiacha lugha yake nyumbani, na pengine hilo ndilo lililomfanya Scovia asiogope. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumcheka mwenzake.

Baada ya ile nati, alianza kuangalia. Hakutaka, lakini macho hayaombi ruhusa. Aliona kwamba Mirumbe alikuwa anakula ugali kwa kijiko.

"Mzee amekuwa mzungu!" alisema Tony, dereva wa lori. "Kesho ataomba kisu na uma, na kitambaa cha kufunga shingoni."

"Nyinyi mnakula na uchafu wa grisi," Mirumbe alijibu. "Mimi nataka kuishi."

Walicheka tena. Scovia alikitazama kijiko. Mkono wa kulia ulikuwa umekishika kwa vidole vinne. Kidole gumba kilisimama pembeni, kimenyooka, kama mgeni ambaye hajakaribishwa kuketi.

Ndipo akaielewa nati. Kuukaza mnyororo kunahitaji mkono mmoja uvute na kidole gumba cha mkono wa pili kiisukume pete ndani ya ndoano. Mirumbe sasa hakuweza kuifikisha pete ya kukaza. Alikuwa anapachika pete ya nyuma yake, iliyo legevu, na kibao kilikuwa kinalala upande.

Kazi ya Awendo ilipoisha walihamishiwa Homa Bay, kupeleka laini mpya kwenye nyumba za mteremkoni juu ya mji. Kule ni mawe matupu, hata pikipiki hushukwa ikasukumwa. Walipanga vyumba karibu na soko, cha Scovia kikiwa cha mwisho, kinachopakana na ukuta wa stoo ya samaki. Jioni alisikia redio za watu na vicheko vya watu. Alilala mapema ili asubuhi ifike.

Nguzo ya kwanza kule, Mirumbe alifunga kibao, akauliza kama kawaida yake, "Kimelala?"

Hakikuwa kimelala. Upande wa kushoto ulikuwa chini, si sana, kiasi cha upana wa kidole. Scovia alishika kamba. Asipovuta, mzee atajaribu tena, na tena, na kila mtu ataona kidole kile. Msimamizi wao, Clifford, kijana mpole lakini wa kufuata sheria, atamrudisha nyumbani siku hiyohiyo. Na Scovia atarudishwa kwa Onchiri, au aondoke kabisa. Hakuna atakayejali ameota nini.

Akavuta mara mbili.

Mirumbe alikanyaga, kibao kikalia kidogo, kikashika. Aliposhuka hakumtazama usoni. "Mnyororo huu umezeeka," alisema akijifungua mkanda. "Umerefuka." Scovia aliitikia kwa kichwa. Tangu hapo walikuwa wawili waliojua, na kila mmoja alijua mwenzake anajua, na asubuhi maswali ya ndoto yalikuwa mafupi kidogo.

Siku moja Clifford alimfuata Scovia alipokuwa anakunja kamba. "Wewe uko na mzee kila siku," alisema kwa sauti ya chini. "Naona anachelewa siku hizi. Yuko fiti?"

Scovia alitazama buti zake. Aliliona jibu la kweli likiwa limekaa mdomoni, zima, tayari.

"Yuko sawa," alisema.

"Una uhakika?"

"Yuko sawa."

Clifford aliridhika. Msichana ambaye hasemi, akisema, watu humwamini. Usiku huo Scovia alikula nusu ya chakula chake na nyingine akaimwaga.

Nguzo iliyofuata ilikuwa ya juu kabisa, imesimama ukingoni mwa mawe. Mchana ulikuwa umegeuka na upepo wa ziwani umeanza kupanda mteremko, ukiinua mabati na kupeperusha nguo kwenye kamba za kuanikia. Chini yao mwanamke alikuwa anakusanya omena wake, dagaa wa ziwani, kutoka kwenye neti ya kuanikia, haraka, kabla mchanga haujawaingia.

Mirumbe alipanda polepole. Akakivuta kibao. Akauzungusha mnyororo, na Scovia, akiwa amesimama pembeni mahali pa mtu wa chini, akaona mkono wa kulia ukijaribu. Ukajaribu tena. Upepo ulikisukuma kibao, kikagonga nguzo. Mwishoni mzee alipachika pete moja, na Scovia akaiona ndoano imeshika pete hiyo kwa ncha tu. Kibao kilikuwa kimeinama kama mtu anayechungulia kisimani.

"Kimelala?"

Scovia hakuvuta.

"Scovia. Kimelala?"

Kamba ilitulia mikononi mwake. Alimwona mzee akitazama mbele, kwenye mti wa nguzo, pua karibu kuugusa. Haya, alifikiri, umeelewa. Ulisema utaelewa. Fungua, ufunge tena, au ushuke. Lakini Mirumbe alivuta pumzi ndefu, mabega yakapanda na kushuka, kisha akauchomoa mguu wa kulia kutoka kwenye nguzo na kuunyoosha kuelekea kibao.

"Baba Robi! Usikanyage!"

Hakuijua sauti hiyo. Ilitoka kifuani kama kitu kilichokuwa kimefungiwa huko, ikapanda hadi juu na kushuka hadi kwa mwanamke wa omena, ambaye alisimama na karai lake. Mbuzi walikimbia. Mguu wa Mirumbe ulikuwa umegusa bati tayari, lakini haukuwa na uzito bado, na aliposikia jina la binti yake likiitwa hivyo, aliurudisha. Mguso ule tu ulitosha. Ndoano iliachia, kibao kikaanguka, kikapiga mawe kwa mlio wa kengele iliyopasuka. Mirumbe alibaki amekumbatia nguzo, mkanda umemshika, vyuma vya miguuni vimeuma mti. Alikaa hivyo kwa muda. Halafu akaanza kushuka.

Clifford alifika mbio, Tony nyuma yake.

"Nini kimetokea?"

"Upepo," alisema Mirumbe. Alikuwa ameketi kwenye jiwe, mkono wa kulia ameuficha kwapani. "Upepo tu."

Clifford alikiinua kibao, akaukagua mnyororo, akaivuta ndoano. Vyote vilikuwa vizima. Akamgeukia Scovia. Mirumbe naye akamtazama, si kwa ukali. Scovia angependelea ukali.

"Si upepo," alisema. "Kidole chake gumba hakikunjiki. Anapachika pete ya nyuma, iliyo legevu, kwa sababu ile ya kukaza hawezi kuifikisha. Tangu Awendo."

Clifford alivua helmeti, akajikuna kichwa, akaivaa tena. "Mzee, naweza kuuliza kama kuna kazi ya stoo Migori. Ya kukaa."

"Nikae nikihesabu waya?" Mirumbe alitikisa kichwa. "Hapana. Nina nyumba. Nina mahindi."

Asubuhi lori lilikuwa linakwenda Migori kuchukua vifaa, na Mirumbe alikuwa anakwenda nalo, kisha ajitafutie njia ya Kegonga. Alikuwa na begi dogo na mwavuli. Vyuma vyake vya kupandia vilikuwa mali yake mwenyewe, alivinunua ujanani, navyo alivifunga kwa gazeti.

Aliwaaga watu wote kwa mkono wa kushoto. Alipofika kwa Scovia alicheka. "Jana ulipiga kelele mpaka mbuzi wa watu wakahama kijiji."

Scovia alijaribu kucheka.

"Leo wanakupa Onchiri," mzee aliendelea. "Usimwogope. Ana masikio mabaya, huyo, ndiyo maana anapayuka. Mpigie kelele kama jana. Umesikia? Usimbembeleze."

"Nimesikia."

"Na usilie kwa sababu yangu. Ningekufa jana."

"Silii."

"Vizuri." Alimtazama kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau, kisha akapanda mbele ya lori na kufunga mlango. Tony aliwasha injini. Moshi ulitoka.

Scovia alibaki amesimama. Jana alipokuwa anapiga kelele alidhani jambo gumu lilikuwa lile. Sasa aliona kwamba lilikuwa rahisi, kwa sababu mtu alikuwa karibu kuanguka na kinywa chochote kingefunguka. Leo hakuna aliyekuwa anaanguka. Palikuwa na lori tu, na mzee mwenye mwavuli, na siku ndefu kama zilizopita kabla hajamjua. Aliyaona maneno hayatabadilisha kitu. Mkono hautapona, lori halitazimwa. Hata hivyo alitembea hadi kwenye mlango, akagonga bati kwa kiganja. Mirumbe alishusha kioo.

"Nimesahau nini?"

"Hakuna," alisema Scovia. Sauti ilianza kupotea, akaivuta tena, akaitoa juu ya mngurumo wa injini, Tony akisikia, Clifford akisikia, wote wakisikia.

"Sitaki uende, Baba Robi. Mimi sina mtu mwingine."