Kitufe cha Fanya Juu

Wavinya alikuwa akipiga chapa orodha ya mashamba ya Matiliku, kila shamba mstari wake, kuanzia ya kilimani hadi ya mtoni. Kuhamisha mistari kulimchosha mikono, basi akaandika amri fupi ndani ya programu yake ya kuandikia: ukibonyeza F9, mstari unapanda hadi juu kabisa. Akaiita fanyajuu, kama yale matuta ambayo mtu huyajenga kwa kuchimba mtaro akirusha udongo upande wa juu. Mkamba angeiita nini kingine?

Akaijaribu kwa mstari wa Nyamai. Kabla ya chai ya saa nne Nyamai aliingia ofisini, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Wewe Wavinya, siku ingine piga hodi. Shamba limepanda mlima na mbaazi zake zote, na mimi kikombe mkononi. Chai yote imemwagika!"

"Pole, mzee."

"Pole haina maji. Huko ni mawe tu."

Wavinya akabonyeza tengua. Mstari ukashuka. Shamba likabaki juu.

Mulei, dalali wa ploti na mwenye ofisi, alikuwa akisikiliza. Kufikia mchana alishazungushia waya pale mahali palipobaki wazi kando ya mto.

"Hiyo batani yako ina baraka," akasema. "Kesho tupandishe shamba la Mbula."

Mbula alikuwa mamake Wavinya. Maji aliyachota kwa kufukua mchanga wa mto, karibu na mlango wake.

Mulei alipotoka, Wavinya akaifungua programu. Akaiondoa amri kwenye F9. Kuifuta kabisa hakuthubutu, maana Nyamai angeshushwa na nini? Akaificha kwenye herufi Q. Kikamba hakina Q, Kiswahili hakina Q. Nani angeigusa?

Kesho yake Mulei akaigonga F9, akaigonga tena.

"Imekufa?"

"Imekufa, bosi."

"Basi sogea. Nitabadilisha jina tu, mambo mengine baadaye." Akaketi, akauweka mshale kwenye mstari wa Mbula.

"Utaandika jina gani?" Wavinya akauliza, akiinamia kibodi.

"Quality Gardens." Kidole kimoja kilikuwa kikizunguka juu ya kibodi, kikitafuta.

"Bosi, andika Bustani, bosi, Bustani ni tamu..."

Kilima kikakohoa. Vikombe vikagongana kabatini. Mulei akachukua kofia, akaenda kumwita fundi wa kuzungushia waya.

Simu ya Wavinya ikalia.

"Mwanangu, niko huku juu. Nyamai amenikaribisha vizuri. Lakini maji ni mbali. Utaniletea mtungi?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Ofisi yenu naiona yote kutoka hapa. Hata wewe nakuona dirishani. Mbona unatetemeka hivyo?"